Kidole kinachouma na kidole kisichouma: uchambuzi wa vidole-nyundo viwili kwenye mguu mmoja

Mama wa miaka 59 anafika kliniki ya miguu na ombi moja tu: akatwe sugu iliyoota juu ya kidole cha pili cha mguu wa kulia. Ana kisukari cha aina ya pili, huu ukiwa mwaka wa 12, na kazi yake ni ya kusimama kutwa. Sugu hiyo imeshakatwa mara kadhaa. Kila ikikatwa anapata nafuu ya wiki mbili tatu, kisha inarudi palepale, na kiatu kikiigusa anachechemea. Kidole chenyewe kimepinda katikati: kiungo kimeinuka juu, ncha imeinama chini. Umbo hili ndilo huitwa kidole-nyundo. Cha tatu, jirani yake, nacho kimepinda vivyo hivyo. Hicho hakukitaja, kwa kuwa hakimuumi.

Kisa hiki ni cha mfano. Nimekijenga kwa kuunganisha mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa aina hii, na hakimhusu mtu mmoja. Nimetaka kukichambua kwa urefu kwa sababu vidole viwili vinavyokaa bega kwa bega, vyenye tatizo la jina moja, vilihitaji matibabu tofauti kabisa, na kile ambacho mwenyewe hakukijali ndicho kilichokuwa hatarini zaidi.

Kabla ya kushika kisu

Mhudumu aliyempokea hakuanza na sugu. Alimwomba avue viatu na soksi za miguu yote miwili, kisha asimame peku sakafuni. Hatua hii huachwa mara nyingi, na hapo ndipo makosa mengi huanzia, maana mguu uliopumzika juu ya kiti hauonyeshi unavyobeba uzito. Kidole kinachoonekana kimepinda kidogo mtu akiwa amekaa huweza kujikunja mara mbili zaidi akisimama.

Aliposimama, mambo matatu yalijitokeza. Kidole gumba kilikuwa kimeegemea upande wa wenzake, na nundu ya mfupa imechomoza upande wa ndani wa mguu. Kidole cha pili, kilichonyang'anywa nafasi na gumba, kilikuwa kimepanda juu na hakigusi sakafu vizuri. Cha tatu kilikuwa kimesimama kwa ncha. Uzito wote wa kidole umeangukia pale chini ya ukucha, mahali ambapo ngozi haikuumbwa kwa kukanyagia.

Kisha akaketishwa, na kikafuata kipimo kisichohitaji chombo chochote. Mhudumu aliweka gumba lake la mkono chini ya wayo, pale ambapo mfupa mrefu wa mguu unakutana na kidole, akasukuma juu taratibu ili kuiga mguu unavyokanyaga. Kidole cha tatu kilinyooka chenyewe. Cha pili hakikusogea. Akakishika na kujaribu kukinyoosha kwa mkono: kikakataa.

Kwangu mimi, hicho ndicho kipimo kikuu katika ugonjwa huu wote. Kidole-nyundo kinachonyooka kwa mkono bado kina kiungo kizima. Kinachovutana ni misuli na kano tu. Kisichonyooka kimeshabadilika umbile: mfuko unaofunika kiungo umesinyaa, ngozi ya chini imefupika, na wakati mwingine mfupa wenyewe umelika. Kinachonyooka kinaweza kurudishwa kwa njia nyepesi. Kisichonyooka hakiwezi kunyooshwa na mpira, bandeji wala zoezi lolote, na anayemwahidi mgonjwa hivyo anampotezea muda na fedha. Kuna hali ya katikati pia, kidole kinachonyooka nusu, na wenye kidole cha namna hiyo ndio wenye faida kubwa ya kufika mapema.

Doa jeusi kwenye ncha

Mhudumu alipogeuza kidole cha tatu na kutazama ncha yake, alikuta sugu nene ya manjano, na ndani yake doa jeusi lenye ukubwa wa punje.

"Mama, hapa nikibonyeza panauma?"

"Hapana, daktari. Hapo hapana shida. Shida yangu ni hii ya juu."

Doa lile ni damu. Sugu ikiwa nene na ngumu, kila hatua huigandamiza dhidi ya nyama laini iliyo chini yake, hadi mishipa midogo ipasuke na damu ikauke ndani. Kwa mtu mwenye hisia kamili, maumivu yangemzuia kutembea muda mrefu kabla ya hapo. Kwa mwenye kisukari, damu ndani ya sugu ni dalili ya kidonda kinachojiandaa, na mara nyingine sugu ikichongwa hukutwa kidonda kimeshafunguka chini yake bila mwenyewe kujua.

Ikabidi hisia zipimwe. Kipimo cha kawaida ni uzi wa nailoni unaokunjika ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, uzi unagusishwa sehemu kadhaa za wayo na vidole, naye anasema anapousikia. Mama huyu hakuusikia kwenye ncha ya gumba wala ya kidole cha tatu, miguu yote miwili. Uma wa mtetemo wa hezi 128 uliowekwa kwenye gumba nao hakuusikia. Lakini juu ya mguu, karibu na sugu iliyomleta, mguso mwepesi aliusikia vizuri.

Hapa wengi hushangaa: inakuwaje mguu uwe na ganzi na wakati huohuo uume? Neva zinazoharibiwa na kisukari huanza kufa kutoka mbali, kwenye ncha za vidole, kisha uharibifu hupanda polepole kuelekea kifundo cha mguu. Ncha inaweza kuwa imekwisha kufa ganzi ilhali mgongo wa kidole bado unahisi. Ndiyo maana mama alilalamikia kiungo kilichosuguliwa na kiatu na asiseme neno juu ya ncha iliyokuwa inavuja damu. Maumivu yalimwelekeza kwenye kidole kisicho na haraka.

Ukiwa na mzazi au ndugu mwenye kisukari, kuna kipimo unachoweza kumfanyia nyumbani, kilichobuniwa Ipswich, Uingereza. Afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, bila kubonyeza wala kupapasa, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya gumba, ya kidole cha tatu na ya kidole cha tano, mguu mmoja kisha mwingine. Akikosa kusikia sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, apelekwe kupimwa miguu hata kama halalamiki lolote.

Mzunguko wa damu mguuni nao ulipimwa, kwa sababu hakuna anayepaswa kukata kitu kwenye mguu ambao hajui kama utapona. Mapigo ya mshipa wa juu ya mguu na ule unaopita nyuma ya kifundo cha ndani yalisikika. Shinikizo la damu la kifundo cha mguu likilinganishwa na la mkono lilitoa uwiano wa 1.02, ambao ni mzuri. Chini ya 0.9 huashiria mishipa iliyoziba. Hata hivyo mishipa ya mwenye kisukari huweza kukauka na kuwa migumu kiasi cha kudanganya kipimo hicho, kwa hiyo shinikizo kwenye kidole gumba lenyewe likapimwa pia, na likaonekana la kutosha kuponya jeraha dogo. Picha ya eksrei, iliyopigwa akiwa amesimama, haikuonyesha mfupa ulioshambuliwa na vijidudu kwenye kidole cha tatu. Kwenye cha pili ilionyesha kiungo cha kati kilichobanana, kisicho na nafasi tena.

Kilichovipinda vidole

Kidole cha mguu, ukitoa gumba, kina pingili tatu. Misuli mirefu inayovivuta vidole hukaa juu, kwenye muundi, na kutuma kano zake hadi vidoleni: wa mbele hunyanyua, wa nyuma hukunja. Lakini kuna misuli midogo ndani ya wayo wenyewe, ambayo watu hawaijui na ambayo kazi yake ni ya thamani sana. Hii huishikilia pingili ya kwanza chini na kuzinyoosha zile mbili za mbele, ili kidole kilale sakafuni na kusaidia kusukuma mwili.

Misuli hiyo midogo ikidhoofika, mirefu haina wa kuizuia. Wa mbele huinua pingili ya kwanza, na pingili ya kwanza ikishainuka, nguvu yake ya kuzinyoosha nyingine hupotea. Wa nyuma naye huzikunja. Kidole hujikunja kama goti la mtu anayechuchumaa. Kadiri kinavyokaa hivyo, ndivyo bamba gumu lililo chini ya kiungo cha shina la kidole linavyolegea, na ule mto wa mafuta unaolinda vichwa vya mifupa husogea mbele na kuiacha mifupa ikikanyaga karibu moja kwa moja. Sugu iliyokuwa chini ya wayo wa mama huyu, nyuma ya kidole cha pili, ilitokana na hilo.

Kwake sababu zilikuwa mbili, na kila kidole kilikuwa na yake. Cha tatu kilipindishwa na neva: kisukari hakiui hisia peke yake, huua pia neva zinazoendesha misuli midogo ya wayo. Cha pili kilikuwa na mzigo huohuo, pamoja na gumba lililokisukuma na viatu vilivyobana kwa miaka mingi. Kiatu chembamba mbele huvikusanya vidole, na chenye kisigino kirefu huusukuma uzito wote kwenye vidole vilivyokwisha kubanwa. Kidole cha pili, ambacho kwa baadhi ya watu ndicho kirefu kuliko vyote, hugonga mwisho wa kiatu kwanza na hakina pa kwenda isipokuwa kujikunja.

Kwa wasio na kisukari orodha ya sababu ni ndefu: baridi yabisi, kiharusi, jeraha la zamani la mguu, magonjwa ya neva ya kurithi kama ule wa Charcot-Marie-Tooth. Kijana ambaye vidole vyake vyote vinajikunja, miguu yote miwili, na wayo wake umepinda juu kupita kiasi, asiridhike na viatu vipana. Apimwe neva.

Jambo moja la pembeni ambalo nisingependa lipite. Mama huyu alikuwa ametumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Dawa hiyo ni nzuri na haifai kuachwa ovyo, ila ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa B12 nao huharibu neva. Alipimwa, kiwango kikakutwa chini, akaanzishiwa tiba. Haikutarajiwa kuvinyoosha vidole. Ilitarajiwa kuzuia ganzi isipande zaidi kwa sababu ambayo ingeweza kuzuilika.

Kidole cha tatu kwanza

Sugu ya ncha ilichongwa kwa kisu kikali na mtu aliyefunzwa, taratibu, tabaka kwa tabaka. Chini yake ngozi ilikuwa nyembamba na yenye weusi wa damu iliyokauka, lakini haikuwa imetoboka. Ilikuwa bahati. Kuichonga na kumruhusu aende nyumbani kungekuwa kurudia makosa yaleyale yaliyofanyika kwenye sugu ya kidole cha pili, kwani kilichoijenga bado kipo: kidole kinakanyaga kwa ncha.

Kwa kidole cha namna hii, yaani kinachonyooka kwa mkono, cha mwenye kisukari aliye katika hatari ya vidonda, chenye sugu nene au dalili ya kidonda kwenye ncha, miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari ya mwaka 2023, inayotolewa na IWGDF, jopo la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari, inapendekeza kufikiria kukata kano inayokunja kidole. Pendekezo la pili ni vifaa vya silikoni au vigumu zaidi vya kukinyanyua kidole. Mama alielezwa yote mawili. Swali lake la kwanza lilikuwa kama atalazwa.

Halazwi mtu. Kidole hupigwa sindano ya ganzi, kisha sindano nene au kisu chembamba huingizwa chini ya kidole kupitia tundu dogo, na kano inakatwa hapo ndani huku kidole kikivutwa juu. Kano ikiachia, mkono unahisi. Kazi nzima ni ya dakika chache, mara nyingi bila mshono, na mgonjwa hutoka akitembea kwa kiatu cha muda chenye soli ngumu. Anachopoteza ni uwezo wa kukikunja kidole hicho, jambo ambalo wengi hawalihisi wanapotembea. Anachopata ni kidole kinacholala na ncha isiyogusa sakafu.

Hasara zake zipo na aliambiwa: uambukizo, kidole kujikunja tena, na uzito kuhamia kwa jirani. Hii ya mwisho tutaikuta mbele.

Alikubali. Tundu lilifunga mapema, na wiki kadhaa baadaye ngozi ya ncha ilikuwa laini.

Kidole cha pili, na kwa nini hakikupasuliwa

Hiki ndicho alichokuja nacho, na ilikuwa lazima apate jibu la haki. Kidole kilichokwisha kukakamaa hunyooshwa kwa upasuaji wa mfupa: kipande kidogo cha mfupa huondolewa kwenye kiungo cha kati, kisha pingili mbili huunganishwa zishikane zikiwa zimenyooka, mara nyingi kwa pini ya chuma inayokaa wiki 4 hadi 6 huku ncha yake ikichomoza nje ya kidole. Wapo wapasuaji wanaotumia vipandikizi vinavyobaki ndani ya mfupa. Iwapo kiungo cha shina la kidole nacho kimetoka mahali pake, kano ya juu hurefushwa, au mfupa mrefu nyuma yake hufupishwa.

Kwake kulikuwa na kikwazo cha nafasi. Ukikinyoosha kidole cha pili bila kulirudisha gumba, unakilaza kidole mahali ambapo pameshachukuliwa, kitapanda tena. Upasuaji wake ungekuwa wa sehemu mbili, wenye wiki nyingi za kukanyaga kwa uangalifu, kwenye mguu usiohisi vizuri, na pini inayopita kwenye ngozi ni njia wazi ya vijidudu. Kipimo chake cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kilikuwa asilimia 9.3. Wapasuaji wengi hupendelea kishuke kwanza chini ya 8 kabla ya upasuaji wa mguu usio wa dharura, kwa kuwa sukari ikiwa juu majeraha hupona vibaya na mifupa huchelewa kushikana.

Maoni yangu hapa ni wazi: mguu wenye ganzi haupasuliwi kwa ajili ya sura. Unapasuliwa kuzuia kidonda, kuponya kidonda, au kuondoa maumivu ambayo kiatu kizuri kimeshindwa kuyaondoa. Na kiatu kizuri kilikuwa hakijajaribiwa.

Mhudumu alimsimamisha mama juu ya karatasi, akauchora mguu wake kwa penseli, kisha akaweka kiatu chake cha kazini juu ya mchoro. Kiatu kilimezwa na mchoro. Pande zote mbili mstari wa penseli ulibaki nje.

"Mguu wangu ni mkubwa hivi?" aliuliza.

Mguu hutanuka kadiri umri unavyokwenda, na wengi huendelea kununua namba waliyoizoea ujanani. Kiatu cha mtu kama yeye kinatakiwa kizidi urefu wa mguu kwa sentimita 1 hadi 2 kwa ndani, upana wake ulingane na sehemu pana ya mguu, na kiwe na kina mbele, yaani kimo kutoka soli hadi paa lake, ili kiungo kilichoinuka kisiguswe kabisa. Hilo la kina ndilo linalosahaulika. Watu hununua kiatu kipana lakini kilicholala, na sugu ya juu inaendelea kama kawaida. Kijaribiwe mtu akiwa amesimama, ikiwezekana jioni, miguu ikiwa imevimba kwa shughuli za siku. Kisiwe na mshono unaopita juu ya kidole kibovu. Kiwe na kamba au mkanda, maana kiatu kikubwa kisichofungwa humfanya mtu avikunje vidole ili kisimtoke, na hapo tunakuwa tumerudi tulikoanzia.

Alitengenezewa pia soli laini ya ndani yenye kijimwinuko kinachokaa nyuma ya vichwa vya mifupa, si chini yake. Kikiwekwa mahali sahihi huinua mifupa ile na kupunguza sugu ya wayo. Kikisogea mbele hata kidogo huongeza shinikizo palepale penye maumivu. Juu ya kiungo kilichoinuka aliwekewa kifuniko cha silikoni, na sugu yake ikachongwa tena, safari hii viatu vikiwa vimeshabadilishwa.

Alikuja pia na mfuko wa vitu alivyonunua mwenyewe: plasta za kuyeyusha sugu na vipete vya mpira vya kunyooshea vidole. Vyote viwili aliambiwa aviweke kando. Plasta hizo zina tindikali ya salisili, ambayo haichagui kati ya sugu na ngozi nzima, na mguu wenye ganzi hautatoa taarifa inapoanza kuunguza. Pete ya mpira inayobana kidole kisichohisi inaweza kukizuilia damu kutwa nzima. Kujichonga sugu kwa wembe nyumbani nako hakufai. Mtu mwenye hisia kamili na damu nzuri anaweza kutumia kifuniko cha silikoni au kufunga kidole kwa utepe bila wasiwasi mkubwa. Kwake kila kitu kinachovaliwa kidoleni kilitakiwa kikaguliwe na kuvuliwa kila jioni.

Mazoezi aliyapewa, kwa kipimo chake: kunyoosha misuli ya shavu la mguu kwa kuegemea ukuta, na kukinyoosha kidole kwa mkono taratibu. Misuli ya nyuma ya mguu ikikaza, uzito hutangulia kwenye vidole mapema zaidi katika kila hatua, kwa hiyo kuilegeza kuna maana. Kuokota taulo kwa vidole, zoezi linalosifiwa sana, hakuambiwa alitegemee. Linaweza kusaidia kuhifadhi ulaini wa kidole ambacho bado kinanyooka, lakini cha pili kilikuwa kimeshapita hapo.

Miezi iliyofuata

Maumivu ya kidole cha pili yalipungua ndani ya wiki za mwanzo za viatu vipya. Sugu ya juu haikurudi kwa unene ule. Ilibaki ngozi ngumu kidogo isiyouma. Kidole chenyewe kimebaki kimepinda, na mwanzoni hilo lilimsumbua. Alitarajia "kutibiwa" kuwe kunyooka. Ilihitaji mazungumzo ya wazi, si kumkatiza, mpaka akaelewa kwamba kidole kilichopinda kisichosuguliwa na chochote kinaweza kukaa hivyo maisha yote bila madhara.

HbA1c yake ilishuka hadi asilimia 7.6 baada ya dawa zake kurekebishwa. Mlango wa upasuaji ukafunguka, akaitwa, akaelezwa upya: kulirudisha gumba, kuunganisha kiungo, pini, uvimbe unaoweza kudumu miezi sita au zaidi, uwezekano wa kidole kupinda upande au kubaki kinaelea bila kugusa sakafu. Akauliza kama asipofanya kitaharibika zaidi. Jibu la kweli ni kwamba huenda kikaendelea kupanda, hasa gumba likiendelea kuegemea, na kwamba hilo litaonekana kwenye ukaguzi kabla halijaleta kidonda. Akachagua kusubiri. Nadhani alichagua vizuri. Mwenzake mwenye kidole kilekile, mwenye hisia kamili, asiyeweza kuvaa kiatu chochote bila maumivu, angekuwa na haki ya kuchagua kinyume na angeshauriwa hivyo.

Kisha likaja lile lililotabiriwa. Kwenye ukaguzi mmoja, ncha ya kidole cha nne ilikutwa na sugu changa. Cha tatu kilipolala, uzito ulikuwa umehamia kwa jirani. Kidole hicho kilinyooka kwa mkono, hakikuwa na doa la damu, na mama mwenyewe ndiye aliyelionyesha kabla hajaulizwa, kwa sababu alikuwa amefundishwa kutazama ncha zote kila jioni kwa kioo kilichowekwa sakafuni na kupitisha mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Alitengenezewa kifaa cha silikoni cha kukinyanyua. Kikishindwa, kano ya kidole hicho nayo itakatwa kwa njia ileile.

Kwa vigezo vya IWGDF, mguu uliopoteza hisia na wenye umbile lililobadilika hukaguliwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa mama huyu kliniki imechagua mitatu, na soli ya ndani hubadilishwa kila inapokandamizika, bila kungoja ichakae.